Asiyetaka Jina

Jumapili usiku

Mikono yangu ingali yanuka vitunguu. Nimeisugua kwa ndimu, nikaipaka mafuta ya nazi, wapi. Kilo sita tulizimenya jana watu watatu, na mmoja wa hao watatu ni mtu ambaye kwa mipango yetu hakutakiwa kuwa pale kabisa.

Nianze nyuma kidogo. Wiki tatu sasa tangu mkwezi wetu alipoanguka. Nasema wetu kwa sababu huku Langoni, mtaa wetu wa mji wa Lamu, mwenye mnazi mmoja wa uani na mwenye shamba zima humwita yeye huyo huyo. Siku hiyo alikuwa akiangua nazi katika shamba moja la njia ya Kipungani, akakanyaga kidato kilichooza. (Watoto wa sasa ukiwatajia kidato wanajua cha shule tu. Kidato hasa ni lile tundu linalochongwa kwa panga shinani, pa kutia dole la mguu.) Paja lilivunjika mahali pawili. Walimtoa shamba kwa machela, wakamtia katika mashua hadi Mokowe upande wa bara, kisha gari mpaka Mombasa. Barabara ya Garsen siku hizi ni lami, ingekuwa ile ya zamani sijui angefika vipi na paja lile.

Akatiwa chuma. Hesabu ikaja 165,000. Kadi ya bima alikuwa nayo, ila haijalipiwa miezi mingi. Mkwezi hulipwa kwa mnazi aliopanda. Siku hakupanda, hana kitu. Nduguze walikopa, wakauza mbuzi, wakafikisha 60,000. Hapo ndipo khalati yangu, dada wa mamangu, alipotuita kwenye daka la nyumba yake, ukumbi wa mlangoni wa kukalia, akasema tutapika pilau na kuuza sahani.

Mwezi wenyewe haukuwa wa kuomba mtu pesa. Kusi imekaza, mashua za mbali hazitoki, na mvuvi asiyetoka ana kipi cha kutoa? Kijana mmoja wa chuo akasema basi tufanye harambee kubwa, tualike waheshimiwa. Khalati akamtazama tu. Mimi huchekeshwa na neno hilo. Ni neno letu la pwani, la watu waliokuwa wakivuta mizigo na vyombo kwa sauti moja. Mzee Kenyatta akalifanya wito wa taifa mwaka 1963, likaingia hadi kwenye nembo ya serikali, na lilipoturudia lilikuwa limevaa suti. Sisi tukasema mchango, yakaisha.

Mchele kilo 20 alitoa mwenye duka. Nyama kilo 15, bucha akatutoza nusu. Kuni zililetwa na punda wawili wa jirani, na mmoja wao akala nusu ya dania tuliyokusudia kutia kwenye kachumbari. Tulipika ndani ya gofu nyuma ya nyumba ya khalati, lile lililobaki kuta tatu na mpapai. Mpishi ni mzee wa arusi zote za mtaa huu, mtu asiyeonja. Hunusa mvuke tu, akasema, "Chumvi." Akisema hivyo mtu hamuulizi kiasi gani, anamletea kopo zima. Paka nao walikuwa wamekaa juu ya ukuta kwa safu, wametulia kama wazee msikitini kabla ya adhana, macho kwenye karai la nyama. Mmoja alifanikiwa. Simtaji kwa rangi, maana wenyewe wapo.

Nilisema tulikuwa watatu kwenye vitunguu. Mimi, binti ya khalati, na mke wa mkwezi.

Alikuja saa moja asubuhi, buibui kalikunja kiunoni, na kisu chake mwenyewe. Tulitazamana. Hakuna aliyejua la kumwambia. Mtu achangiwe, na yeye huyo huyo amenye vitunguu vya mchango wake? Binti ya khalati akamwambia kwa adabu, "Dada, wewe kapumzike, si una wagonjwa na watoto." Akajibu huku ashachukua kitunguu cha kwanza, "Nkakae ndani nngoje nini?" Alikuwa hodari kuliko sisi. Alikuwa akimenya bila kutazama, akitueleza jinsi mumewe anavyolalamikia chakula cha hospitali kisicho na nazi.

Baada ya wali kupaliwa makaa, khalati akanipa daftari. Nina mwandiko mzuri, ndiyo adhabu yangu tangu madrasa. Nikakaa kwenye daka, kopo la pesa magotini, simu ya M-Pesa pembeni, nikiandika jina na kiasi. Sahani ilikuwa 200. Vijana walizichukua kwa sinia hadi uwanja wa Mkunguni, wakajipanga karibu na mlango wa Ngome ya Lamu. Jengo lile lilimalizwa 1821, likakaa askari, likawa jela mpaka 1984, na jana kivuli chake kilikuwa mkahawa. Wazee wa bao walinunua bila kuinua macho kwenye kete.

Sasa hili la daftari ndilo lililonifanya niandike usiku huu.

Yule kijana wa chuo alitaka kila jina lirushwe kwenye kundi la WhatsApp papo hapo, fulani 1,000, fulani 500, ili wengine waone haya watoe. Mbinu hiyo inafanya kazi, sikatai. Nimeiona ikijaza mifuko. Lakini khalati alikataa katakata. Alisema mtu akisaidiwa husitiriwa, hatangazwi. Nami nilikuwa upande wake kabisa. Sote tumefundishwa hadithi ya wale saba watakaokuwa chini ya kivuli cha Mwenyezi Mungu, na mmoja wao ni mtu aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Kwa hiyo kila aliyeninong'oneza "usiniandike" nilimwandika hivi: Asiyetaka jina, na kiasi chake. Mwisho wa siku walikuwa saba. Mmoja wao ni mimi, 1,000. Niliandika hivyo nikajisikia vizuri mno, na sasa najua ningepaswa kuwa na wasiwasi pale pale.

Alasiri, sahani zimekwisha na watoto wanagombania ukoko, mke wa mkwezi akaja kukaa karibu nami kwenye daka. Akaomba daftari. Nikasita. Nilidhani atajisikia vibaya kuona nani katoa nini, au atamchukia aliyetoa kidogo. Nikamwambia, "Dada, haya ni ya hesabu tu." Akanyoosha mkono, nikampa.

Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kila jina lilikuwa na maneno yake. Huyu ana binti atakayeolewa baada ya mfungo, mchele wao nauweka akilini. Huyu mamake ni mgonjwa, zamu ya kumkesha nitashika mimi. Alipofika kwa bibi mmoja aliyetoa shilingi 50, ile ambayo (niseme ukweli) niliiandika kwa haraka ili asiyekuwa na haja asiione, akatabasamu. "Huyu, mume wangu alimuangulia nazi za arusi ya mjukuuwe, akakosa kumlipa. Yeo kalipa."

Kisha akafika kwa wa kwanza asiyetaka jina. 5,000. Akageuza ukurasa, akakuta mwingine, na mwingine. Akawahesabu. Uso ukabadilika, na si furaha niliyoiona.

"Na hawa ntawalipaye?"

Nikamwambia hawa hawataki kulipwa, wametoa kwa ajili ya Mungu.

"Wao hawataki," akasema. "Mimi je? Mtu hupita ndiani akaniamkia, mimi sijui kama ndiye. Nitawatazama watu wote wa mji huu hivyo mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Alinitazama kidogo, labda akidhani mwandishi wa daftari hana budi kuwajua. Nilikuwa nawajua wote saba. Nikafunga kopo la pesa ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Akaniomba nimpigie picha kila ukurasa nimtumie kwenye simu, nikampigia, kurasa nne.

Nimekuwa nikiligeuza jambo hili tangu jana. Tulikataa kumtangaza ili asione haya, na tulifanya vyema. Lakini sitara niliyoiweka mimi ni yangu, si yake. Yeye alikuja na kisu chake kwenye vitunguu kwa sababu hiyo hiyo: alitaka apate pahali pa kuanzia kulipa. Mwenye jina kwenye daftari amemfungulia mlango huo. Sisi saba tumemwachia deni lisilo na mwenyewe. Sisemi hadithi ile ina makosa, mimi ni nani? Nasema tu kwamba tulipoifundishwa, kila mtu alitueleza habari za yule anayetoa.

Hesabu, kwa waliouliza: sahani zilizouzwa 138, yaani 27,600. Kopo 14,350. M-Pesa 29,450. Jumla 71,400. Sahani 12 zilizobaki walikula wapishi, na hao wanajulikana. Limebaki deni la 33,600, nduguze watalimaliza kidogo kidogo. Kifuniko cha sufuria kubwa la kukodi hakijaonekana hadi sasa. Aliyekibeba akifikiri ni cha kwao, khalati anakisubiri.

Alhamisi jioni

Naongeza machache. Leo baada ya alasiri mtoto wa pili wa mkwezi alipita na kikapu cha nazi. Ni zile zile babake alizokuwa ameziangua siku aliyoanguka, zilibaki chini ya mnazi lundo zima, na mwenye shamba amewaambia wazichukue zote. Mfukoni alikuwa na karatasi, majina ameyanakili kutoka kwenye zile picha kwa penseli. Nyumba kwa nyumba, nazi mbili mbili. Aliyetoa 3,000 mbili, bibi wa shilingi 50 mbili.

Akabisha hodi kwa jirani yangu wa kulia, akapokewa kwa vigelegele. Akatoka, akachora mstari kwenye karatasi. Nilikuwa nimekaa barazani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Babako hajambo?"

"Hajambo, atarudi wiki ijayo."

Akatazama karatasi yake, akatazama mlango wangu, akatazama karatasi tena. Akapita kwenda kwa jirani wa kushoto.

Usiku nimepika mchicha wa nazi. Nazi nimetuma dukani, shilingi 50.