Makocha wanne, kipigo kile kile

Mei 2025, baada ya Toronto Maple Leafs, timu ya hoki ya barafu ya Canada, kupigwa 6-1 na Florida Panthers kwenye mchezo wa saba wa mchujo, ule wa kuamua nani anasonga mbele, nyumbani kwao, mbele ya watu zaidi ya 18,000, kibanda cha chai kinachotazamana na duka la dawa ninakofanya kazi hapa South B hakikupoa. Najua kuna atakayeshangaa watu wa Nairobi kugombana asubuhi asubuhi juu ya kocha wa hoki ya barafu. Mbona hashangai tukikesha tukiwalaani wenye Manchester United, watu ambao hatutawahi kuonana nao?

Mashabiki wa Leafs tunaojuana huku tunatosha benchi moja. Kuna mimi, niliyeambukizwa na binamu yangu aliyehamia Brampton, Canada. Kuna kijana mmoja anayecheza kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. Kuna mlinzi wa usiku wa jengo la jirani, aliyeanza kwa kuchungulia simu yangu na sasa anawajua mabeki kunishinda. Halafu kuna mzee mmoja shabiki wa AFC Leopards, klabu ya kandanda inayojulikana kama Ingwe, ambaye hajawahi kutazama mechi hata moja ya hoki mpaka mwisho, lakini hana upungufu wa maoni. Sisi humwita Mzee wa Ingwe. Binamu huingia kwa simu, na nikiweka spika anasikika mpaka kwa watu wa bodaboda.

Msimamo wa mzee ni mfupi: kocha afungashe. "Timu imeongoza kundi lake, imekusanya pointi 108, halafu inakufa nyumbani kwake mchezo wa tano sita kwa moja, inarudi nyumbani mchezo wa saba inakufa tena sita kwa moja. Dada yangu, hapo kocha ameongea nini na vijana?"

Swali si la kipuuzi. Usiku ule wa kuamkia Jumatatu, Mei 19, nilikuwa zamu. Kule ni jioni, huku ni saa nane na kitu usiku. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye boksi la glovu nyuma ya kaunta. Kipindi cha pili Florida wakaingiza matatu, moja, mbili, tatu, na Leafs wanateleza tu kama watu waliokuja kukagua barafu. Mapema kipindi cha tatu akaingia mama mmoja na mtoto mwenye homa. Nikawa namwonyesha alama ya kupimia dawa kwenye bomba la sindano isiyo na ncha, mlinzi akapiga ukelele pale mlangoni: Max Domi amefunga, 3-1. Mtoto akashtuka, akalia. Nikaomba msamaha, nikachukua noti ya mia tano, nikageuka kutafuta chenji. Kabla sijamaliza kuhesabu, Luostarinen wa Florida alikuwa ameshaweka la nne. Haikufika hata dakika moja. Mlinzi hakusema kitu, alirudi zake getini.

Kwa hiyo sikatai kwamba timu ya kocha Craig Berube ililala. Ninachokataa ni hesabu ya mzee. Tuwataje waliokaa kwenye kile kiti. Randy Carlyle alipoteza mchezo wa saba mwaka 2013 mbele ya Boston, akiwa na mabao 4-1 kipindi cha tatu. Akaja Mike Babcock, aliyepewa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 50: mchezo wa saba 2018, akapoteza, 2019, akapoteza, na Novemba ya mwaka huo huo akafukuzwa. Sheldon Keefe: 2021 mbele ya Montreal baada ya kuongoza michezo 3-1, 2022 mbele ya Tampa Bay, 2024 mbele ya Boston kwenye muda wa nyongeza. Akafukuzwa. Berube akapoteza wa 2025. Makocha wanne, mmoja mkali, mwingine mpole, mwingine profesa, na wote wamezikwa kwenye kaburi moja. Ukimbadilisha dereva mara nne na gari bado linazimika pale pale, utaendelea kumlaumu dereva?

Na huyu Berube si mgeni wa hii kazi. Novemba 2018 alikabidhiwa St. Louis Blues ikiwa hoi, mwanzoni mwa Januari 2019 ikawa ya mwisho kwenye ligi nzima, na Juni akainua nayo Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo. Miaka minne na nusu baadaye Blues hao hao wakamfukuza. Nilipomsomea mzee hilo akacheka mpaka akamwaga chai. "Kumbe hata Wazungu wana mambo yetu!"

Hoja ya pili ya mzee ndiyo iliyonifanya niandike. Alisema: kama si kocha, basi tajiri ni bahili, atoe pesa anunue wachezaji. Hapo alikuwa anaongea kama mtu aliyeteswa na kandanda ya Kenya, ambako kocha anaweza kudai mishahara ya miezi na wachezaji wakagoma kufanya mazoezi. Ikabidi nimweleze kwamba NHL, ligi yenyewe ya hoki, ina dari la mishahara. Msimu wa 2024-25 kila timu ilikuwa na ruhusa ya dola milioni 88 kwa wachezaji, wa 2025-26 ikawa milioni 95.5, na tajiri hawezi kupita juu kwa kutaka tu, hata awe na kisima cha mafuta.

Mzee aliweka kikombe chini. "Tajiri anakatazwa kutumia pesa yake?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni serikali gani?"

Mlinzi akaongeza kwamba Florida hakuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo mchezaji akilipwa kiasi kile kile kule anabaki na zaidi mfukoni. Benchi zima likanyamaza kidogo, kila mtu akiwaza makato ya SHIF, ya bima ya afya, na ya nyumba kwenye payslipu yake. Kwa mara ya kwanza niliona watu wa South B wakiwaelewa wachezaji wa Florida kwa moyo wote.

Sasa, kama pesa zina dari, vipaumbele vya mwenye timu unavionaje? Unaviona kwenye jinsi alivyogawa zile zinazoruhusiwa. Kati ya nyota wa Leafs msimu wa 2024-25, Matthews alikula milioni 13.25, Nylander 11.5, Tavares 11, Marner karibu 10.9. Jumlisha: zaidi ya nusu ya dari lote ilikuwa kwa watu wanne, na kikosi kinahitaji wachezaji zaidi ya ishirini. Kocha hakusaini hizo karatasi. Kazi yake ni kupanga nani aingie barafuni na nani, kila sekunde arobaini na kitu, maana hoki hawakimbii dakika tisini. Unaingia, unaunguza mapafu, unatoka. Kwenye kundi la nne la kuingia barafuni, wale wa bei nafuu, Florida walikuwa na watu wa kukusumbua, sisi tulikuwa na watu wa kusubiri akina Matthews wapumzike. Berube angefanya nini hapo, apige goti?

Waliosaini ni wa juu yake. Brendan Shanahan alikaa kwenye kiti cha urais wa timu tangu 2014, misimu kumi na moja, na Mei 2025 hakuongezewa mkataba. Juu yake kulikuwa na kampuni mbili za simu na televisheni, Rogers na Bell, kila moja na asilimia 37.5, wapinzani wa biashara wanaogawana timu moja, na Larry Tanenbaum na robo yake. Uamuzi mgumu ukija, nani anabeba lawama? Hakuna. Julai 1, 2025 Rogers walikamilisha kununua sehemu ya Bell kwa dola za Canada bilioni 4.7, wakawa na asilimia 75. Na Aprili ya mwaka huo walikuwa wameshasaini na NHL haki za kuonyesha mechi kote Canada kwa miaka 12 zaidi, bilioni 11. Hebu wazia kampuni inayokuuzia bando ndiyo hiyo hiyo yenye Gor Mahia, yenye uwanja, na yenye haki za kutangaza mechi.

Binamu anaamini Rogers hawataki kombe, wanataka tu wateja. Siamini hivyo, na tumegombana naye vibaya. Kila raundi unayovuka ni mechi nyingine za kuuza matangazo. Kampuni ya televisheni ina sababu zote za kutaka timu yake icheze mpaka Juni. Ninachoamini ni kwamba wenye timu kama hao huogopa mwaka mbaya kuliko wanavyotamani kombe. Timu inayofika mchujo kila mwaka haina mwaka mbaya. Inauza tiketi, inauza jezi, inakufa raundi ya kwanza au ya pili, na mashabiki wanamkaba kocha. Ndiyo maana wale nyota wanne waliachwa pamoja mwaka baada ya mwaka, mpaka Marner akaondoka mwenyewe kwenda Vegas kwa mkataba wa milioni 12 kwa msimu, na tulichopata ni Nicolas Roy.

Wale wanaosema enzi za mmiliki mmoja zilikuwa bora, nawaombea wasome habari za Harold Ballard. Huyo alikamata timu mwanzoni mwa miaka ya 70, akahukumiwa kwa wizi na ulaghai mwaka 1972, akafungwa, akatoka, akaendelea kuwa mwenye timu mpaka alipofariki 1990. Machi 1979 alimfukuza kocha Roger Neilson, akakosa wa kumrithi, wachezaji wakamtaka mtu wao, basi Ballard akakubali arudi, ila kwa sharti kwamba atokee kwenye benchi amevaa mfuko wa karatasi kichwani, autoe mbele ya umati kama mchezo wa kuigiza. Neilson aliukataa mfuko, akarudi na uso wake. Mzee wa Ingwe aliniomba nirudie kisa hicho mara mbili. Alidhani nimetunga.

Yule kijana wa Panari alikuwa kimya muda wote, anakula chapati yake na madondo. Yeye anacheza Ice Lions, timu ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Canada ikacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kwenye tangazo la Tim Hortons, na Kenya ikaingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu mwaka 2024. Uwanja wao wa mazoezi ni barafu moja ndani ya hoteli, ndogo kuliko ya NHL. Alipoona tumechoka akasema, "Nyinyi mna bahati kubishana juu ya kocha. Sisi kwanza tunauliza kama barafu ipo." Akamaliza chapati akaondoka, mbio za matatu.

Niliwaambia msimamo wangu na sikubadili: Berube aachwe amalize msimu wa 2025-26, na Rogers wabanwe kuhusu nani anajaza kile kiti cha juu, maana Shanahan alikuwa ameondoka na kilikuwa hakijajazwa. Mzee hakutaka kusikia. Aliweka dau la chapati kumi kwamba Berube hafiki Krismasi ya 2025. Nikakubali. Binamu naye, baada ya kunisikiliza dakika nzima bila kunikatiza, akasema anaongeza dola ishirini za Canada upande wa mzee, na kwamba nikishindwa nimtumie kwa M-Pesa kwa mama yake, asiingie hasara ya kubadilisha pesa.