Nilivyopima dari ya anga kwa milio ya radi, ng'ambo ya Mwanza

Kazi hii niliianza nikitafuta miluzi. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari jijini Mwanza, na nilikuwa nimesoma kwamba radi inapopiga, mbali na mwanga na ngurumo, hutoa pia mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, kuanzia hezi mia chache hadi hezi elfu kumi na zaidi. Sehemu ya mawimbi hayo hupenya ionosfia, yaani tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, hufuata mistari ya sumaku ya dunia hadi ndani ya magnetosfia, eneo la juu zaidi linalotawaliwa na sumaku hiyo, kisha hushuka katika nusu ya pili ya dunia yakiwa yamevutwa na kurefushwa: masafa ya juu hutangulia, ya chini huchelewa, na anayesikiliza husikia mluzi unaoteremka kwa muda wa sekunde moja au zaidi. Mjerumani Heinrich Barkhausen aliisikia miluzi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipokuwa akinasa mazungumzo ya simu za adui, akaandika habari zake mwaka 1919. Njia inayopita ilikuja kuelezwa vizuri mwaka 1953 na L. R. O. Storey wa Cambridge.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba mawimbi haya yana masafa yale yale ya sauti tunazosikia kila siku, ijapokuwa yenyewe si sauti. Kwa hiyo hayahitaji redio ya kuyageuza. Ukiwa na antena, amplifaya ndogo na kompyuta mpakato yenye tundu la maikrofoni, umeshapata kituo chako.

Antena niliitengeneza kwa fremu ya mbao yenye upande wa mita moja, nikaizungushia mizunguko 40 ya waya mwembamba wa shaba, ule unaotumiwa na mafundi wanaovaindi mota za feni. Amplifaya alinichomea fundi redio mmoja wa maeneo ya Makoroboi, kwa kutumia chipu moja ya kukuza sauti, NE5534, na betri mbili za volti 9, tukaifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga ili bati lizuie makelele. Alipomaliza aliitazama ile fremu kwa muda, akaniuliza, "Sasa Mwalimu, antena kubwa hivi ni ya kukamata stesheni gani?" Nikamjibu kwamba ni ya kukamata radi. "Radi haitafutwi, Mwalimu. Inakuja yenyewe." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi sana duniani, na nyingi hupiga usiku, wakati upepo wa nchi kavu unapotoka pande zote za ziwa na kukutana katikati.

Nyumbani sikusikia kitu. Nilisikia mvumo tu, mzito na usiokoma, wa umeme wa majumbani: hezi 50, kisha 100, 150 na kuendelea juu, kila kizidishi na sauti yake. Kuigeuza fremu polepole hadi ikae upande ambao mvumo unapungua kulisaidia kidogo, lakini hakukutosha. Usiku wa tatu umeme ulikatika mtaa mzima. Wakati majirani wakilalamika na kutafuta mishumaa, mimi nilikimbilia uani na visikilizio, na kwa mara ya kwanza nikasikia mchakarisho wa kavu usiokatika, kama dagaa wanaokaangwa kwenye mafuta yaliyochemka sana. Ndizo sferiki, yaani mapigo ya redio ya radi za karibu na mbali, yanayosafiri kati ya ardhi na ionosfia. Sijawahi kufurahia giza kiasi kile. Umeme uliporudi baada ya dakika 40 nilikuwa nimeshaamua kwamba ni lazima nihame na vifaa vyangu.

Kabla ya safari hiyo kulitokea aibu moja ambayo sina budi kuieleza, maana najua wengine wataikuta. Katika magnetosfia hutokea pia mawimbi yanayoitwa kwaya ya alfajiri, ambayo elektroni zilizonaswa na sumaku ya dunia huyazalisha zenyewe bila radi. Yakipitishwa kwenye spika husikika kama ndege wengi wanaolia kwa pamoja kunapokucha. Basi asubuhi moja nilirekodi saa nzima karibu na ufukwe wa Igombe, nikasikia milio inayopanda, mizuri, imepangana, nikaamini nimepata nisichostahili. Jioni nilipokuwa nikiisikiliza tena, katikati ya kwaya hiyo jogoo aliwika. Kompyuta ilikuwa imechagua maikrofoni yake ya ndani badala ya waya wa antena, na nilichorekodi ni ndege halisi wa ziwani. Tangu siku hiyo, kabla ya kurekodi nagonga kifuniko cha kompyuta kwa kidole. Nikiusikia mlio huo wa kugonga kwenye visikilizio, najua nimekosea tundu.

Nilivuka kwa kivuko cha Kamanga hadi upande wa Sengerema, kwa shangazi yangu, katika kitongoji ambacho wakati huo nguzo za umeme hazijakifikia. Nilisimamisha fremu shambani, mbali na nyumba, kwa sababu hata kidhibiti cha sola cha jirani kilikuwa na mlio wake mwembamba wa kuudhi. Kwenye skrini, kule juu kabisa kwenye hezi 19,800, ulionekana mstari mmoja mnyoofu: ni mawimbi ya kituo cha mawasiliano ya manowari kilichoko kaskazini magharibi mwa Australia, yakiwa yamevuka Bahari ya Hindi yote. Mstari huo haukuwa shabaha yangu, lakini ulinithibitishia kwamba kifaa kinafanya kazi na kwamba kipimo cha masafa hakijapotoka.

Jua lilizama. Kufikia saa 2 usiku ule mchakarisho mkavu ulianza kubadilika, baadhi ya mapigo yakawa na mkia unaolia. Shangazi alikuja na taa yake, akauliza, "Mwanangu, unasikiliza nini gizani?" Nikamvalisha visikilizio. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ni kama matone ya maji yanayodondokea ndani ya mtungi."

Sikuwahi kutoa darasani maelezo mazuri kuliko hayo. Milio ile huitwa twiki, na kweli anga la usiku ni mtungi: ardhi na maji ni kitako chake, ionosfia ni dari, na wimbi la radi iliyopiga maelfu ya kilometa huko hujigonga juu na chini likisafiri. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inazidi kimo cha dari haliwezi kupita kwa njia hiyo ya kugongana. Lile linalokaribia kikomo hupita kwa kujikokota, na huo ndio mkia. Mchana twiki hazisikiki kwa sababu tabaka la chini la ionosfia lililochomwa na jua huyameza mawimbi hayo.

Miluzi je? Nilisikiliza usiku nne, sikupata hata mmoja, na kosa halikuwa la antena. Ikweta ya sumaku haiko pale ilipo ikweta ya ramani. Kwa upande wetu wa Afrika hupita kaskazini zaidi, huko Ethiopia. Mwanza tuko karibu nayo mno, kiasi kwamba mstari wa sumaku unaotoka kwetu hupanda kilometa mia chache tu kabla ya kuinama na kushuka upande wa Sudani. Hauingii kwenye magnetosfia ya mbali ambako mluzi hurefushwa ukawa mluzi. Ningeanza kwa kusoma ramani ya sumaku ningejiokolea matumaini mengi, lakini huenda nisingevaindi waya hata kidogo.

Kwa hiyo niligeukia twiki. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, nilifungua spektrogramu, yaani mchoro unaoonyesha masafa yanavyobadilika kwa muda, nikachagua dirisha (kipande cha rekodi kinachochambuliwa kwa mara moja) la sampuli 1,024 kwa rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ambapo kila ngazi ya masafa ni takriban hezi 47. Ukiongeza dirisha, masafa huonekana kwa usahihi zaidi lakini mkia wenyewe, ambao hauzidi sana sehemu chache za mia za sekunde, hufifia na kusambaa. Mkia hujikunja kuelekea chini kama ndoana kisha hukaa sambamba. Pale unapokaa ndipo kikomo. Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza: kasi ya mwanga, kilometa 300,000 kwa sekunde, igawe kwa mara mbili ya masafa hayo. Twiki zangu nzuri zilikaa kati ya hezi 1,680 na 1,760, yaani dari ya kilometa 85 hadi 89, na ngazi moja ya spektrogramu huweza kuipotosha kwa zaidi ya kilometa mbili. Twiki zenye nguvu zilikuwa na ndoana ya pili, kwenye mara mbili ya masafa hayo, kama inavyotarajiwa.

Usiku wa mwisho dhoruba ilitokea ziwani ghafla, mapigo ya karibu yakaifunika amplifaya kabisa, nikachomoa waya na kuingia ndani. Fremu ya waya shambani si mahali pa kukaa radi inapokaribia. Ilipopita, kama saa 10 alfajiri, niliunganisha tena. Twiki zilikuwepo tele. Kisha, kungali giza na wavuvi wa dagaa wakiwa bado na taa zao majini, mikia ilianza kufifia mmoja baada ya mwingine hadi ukabaki mchakarisho mkavu. Nilitazama saa: kwa shangazi jua lilikuwa bado na nusu saa hivi kuchomoza, ila kilometa 85 juu ya kichwa changu lilikuwa limeshafika.