Siku moja maishani mwangu: wimbi la dakika 20 katika saa za atomi

Saa 12:40 asubuhi

Kabla sijaweka mkoba chini nilisoma maandishi ya mwenzangu wa zamu ya usiku katika daftari la kumbukumbu la maabara. Aliandika kwamba maseri A, moja kati ya saa zetu mbili za hidrojeni, ilikuwa ikionyesha wimbi lisilo la kawaida kila ilipolinganishwa na maseri B, na akapendekeza tufungue kabati lake tukague udhibiti wa joto wa chemba, yaani kile chumba cha ndani zinamokaa atomi. Nilimwomba asubiri. Maseri ikishafunguliwa huchukua siku nyingi kurudi katika utulivu wake, na siku hizo zote haifai kuwa shahidi wa jambo lolote. Ndiyo maana siigusi saa mpaka kila kilicho kati yake na kipimo kiwe kimeondolewa lawama.

Saa 1:15 asubuhi

Nilikaa mbele ya grafu. Atomi za hidrojeni ndani ya maseri hutoa mawimbi ya hezi 1,420,405,751 na ushei, na mawimbi hayo huongoza osileta ya kwatzi ambayo ndiyo hututolea megahezi 10 tunazozitumia. Kifaa cha kulinganisha hupokea megahezi 10 za kila maseri na kuandika kila sekunde tofauti ya fezi, yaani jinsi wimbi moja linavyotangulia au kuchelewa nyuma ya jingine. Tofauti hiyo ilikuwa ikipanda na kushuka kwa pikosekunde 2 hivi kila upande, na kujirudia kila baada ya dakika 20. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Katika pikosekunde 2 mwanga husafiri milimita 0.6 tu.

Fezi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Chombo chetu cha kila siku ni mchepuko wa Allan, kipimo cha jinsi masafa ya saa (idadi ya mawimbi yake kwa sekunde) yanavyoyumba kwa muda fulani wa kupima, ambao msingi wake uliwekwa na David Allan mwaka 1966, kwa sababu mchepuko sanifu wa kawaida hautulii unapokumbana na aina za kelele, yaani miyumbo ya kubahatisha, zilizomo katika saa: kadiri unavyokusanya vipimo ndivyo jibu linavyozidi kuhama. Katika grafu ya Allan kila aina ya kasoro ina mteremko wake. Kelele nyeupe ya masafa hushuka kwa kipeuo cha pili cha muda wa kupima, na masafa yanayohama polepole kuelekea upande mmoja huinua mstari juu. Wimbi linalojirudia huacha alama ya pekee: kilima kabla kidogo ya nusu ya kipindi chake, kisha bonde pale kipindi chenyewe kinapotimia.

Kilima chetu kilikuwa karibu na sekunde 450, kikifika sehemu 8 × 10⁻¹⁵ ya masafa mahali ambapo maseri hizi huwa karibu na 3 × 10⁻¹⁵, na bonde lilikuwa kwenye sekunde 1,200. Bonde hilo ndilo lililonishika. Kelele za kubahatisha hazichimbi bonde. Kitu fulani kilikuwa kikiwaka na kuzimika kwa ratiba.

Saa 2:30 asubuhi

Mwenzangu hakuwa amekosea kufikiria joto, kwa kuwa chemba ya maseri ikibadilika umbo hata kidogo sana kwa sababu ya joto huyavuta masafa pamoja nayo. Hata hivyo chemba hiyo imefunikwa kwa tabaka kadhaa za kinga, na joto la chumba huchukua saa nyingi kupenya hadi ndani. Badiliko linalogeuka kila baada ya dakika 10 hufifia sana kabla ya kuifikia atomi. Hoja hii haikuthibitisha kitu, lakini ilinitosha kuelekeza macho yangu nje ya maseri.

Mtu angeuliza kwa nini tusiite shahidi wa tatu. Saa tatu zikilinganishwa mbilimbili, hesabu huweza kutenganisha kelele ya kila moja, mradi zinakaribiana kwa uthabiti. Saa zetu nyingine ni za sesiamu, na kwenye sekunde 450 kelele ya sesiamu ni zaidi ya mara 100 ya ile ya maseri. Kumwuliza shahidi huyo habari za pikosekunde 2 ni kumwonea.

Saa 3:20 asubuhi

Nilipokuwa nikizitazama saa hizo za sesiamu nilikutana na jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko wimbi lenyewe. Sesiamu ndiyo atomi inayobeba maana ya sekunde: tangu mwaka 1967 sekunde ni mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wake. Ndani ya saa kama yetu, atomi hupashwa moto katika tanuru ndogo, hupita katika ombwe, huchujwa kwa sumaku, na zile zilizoitika mawimbi huhesabiwa mwishoni kwa msaada wa kizidishi cha elektroni, kinachokuza ishara yao ndogo hadi ipimike. Kizidishi hicho huzeeka. Kadiri nguvu yake inavyopungua, saa yenyewe huongeza volti ili kufidia, na mtu asiyefuatilia volti hizo huona kila taa ni ya kijani hadi siku ya mwisho.

Volti za saa yetu ya pili ya sesiamu zilikuwa zimepanda mwezi baada ya mwezi na sasa zilikaribia kikomo. Mteremko wake katika grafu ya Allan haukubadilika hata kidogo, ila mstari mzima ulikuwa umeinuka: kwenye sekunde 1,000 ulitoka karibu 2.5 × 10⁻¹³ hadi karibu 5 × 10⁻¹³. Kelele ya namna hii ikiongezeka mara mbili, unahitaji muda mara nne zaidi kupata uhakika uleule. Hapa hakuna skrubu ya kukaza wala programu ya kurekebisha, kwa sababu bomba lake la atomi, ambamo kizidishi hicho kimo, linakwisha.

Saa 4:30 asubuhi

Nilirudi kwenye wimbi. Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la chanzo kimoja na njia mbili. Nilichukua megahezi 10 kutoka tundu la akiba la maseri B, ili nisikate mawimbi yanayotumika, nikazigawa mara mbili kwa kigawanyi. Tawi moja lilikwenda moja kwa moja kwenye kifaa cha kulinganisha kwa kebo fupi. Tawi la pili nililipitisha kwenye tundu la akiba la amplifaya ya kugawa mawimbi ya maseri A, kisha kwenye kebo ndefu iliyolazwa sambamba na ile inayotumika. Kwa mpangilio huo saa inajifuta yenyewe katika hesabu, na kinachobaki ni tabia ya njia.

Saa 5:00 hadi saa 8:00 mchana

Nilingoja. Wimbi la dakika 20 linahitaji kuonekana likijirudia mara nyingi ili mtu alitofautishe na bahati, na saa tatu hunipa mizunguko tisa.

Katika kungoja nilikumbuka kesi ya zamani iliyonifundisha kutazama kipindi kabla ya kitu kingine. Tulikuwa na wimbi la kila siku katika vipimo vya setilaiti za GPS, na wote tulilaumu joto la mchana. Kumbe kilele chake kilitangulia kwa takriban dakika 4 kila siku. Joto hufuata jua, lakini setilaiti hizo hurudi mahali pale pale angani baada ya saa 23 na dakika 56. Mawimbi yaliyokuwa yakigonga ukingo wa paa na kurudi kwenye antena ndiyo yaliyokuwa yakitudanganya.

Saa 8:10 mchana

Wimbi lilikuwepo, la ukubwa uleule, katika jaribio ambalo maseri A haikushiriki kabisa. Nilimpigia mwenzangu simu nyumbani na kumwambia kwamba kabati lisifunguliwe.

Kilichobaki kilikuwa ama kebo ama amplifaya. Nilishika kebo kwa viganja sehemu baada ya sehemu ili kuipasha joto, na fezi ikasogea kidogo tu. Kisha nikasimamisha kipande cha kadibodi mbele ya amplifaya. Katika mzunguko uliofuata wimbi lilibaki chini ya robo ya ukubwa wake. Nilipoweka kipimajoto kidogo juu ya bati la amplifaya na kuondoa kadibodi, kilipanda na kushuka kwa nyuzi moja kila upande, dakika 20 kwa dakika 20, sawasawa na kiyoyozi kinavyowaka na kupumzika. Kipimajoto cha ukutani, ambacho ndicho tunachokiamini katika ripoti, hakikuonyesha hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi, kwa kuwa kiko mbali na njia ya upepo.

Saa 9:30 alasiri

Swali lilibaki: kwa nini sasa, wakati amplifaya na kiyoyozi vimekaa pamoja kwa miaka? Asubuhi nilikuwa nimepitia daftari, lakini nilitafuta maandishi yanayohusu maseri tu. Safari hii nilisoma kila mstari. Siku tano nyuma, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na habari kwamba kipokezi kimoja kimeondolewa kwenye raki kwenda kutengenezwa. Nilikitoa na sikufunika pengo kilipokuwa. Upepo baridi ulikuwa ukipita pale moja kwa moja hadi kwenye amplifaya, na kumbukumbu za fezi zinaonyesha mzunguko wa kwanza wa wimbi jioni ya siku hiyohiyo.

Nilifunika pengo kwa bati, nikasogeza tundu la upepo, na nikakaza upya viunganishi vya njia ile kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kimoja kilikuwa kimelegea, ingawa siwezi kusema kilichangia kiasi gani.

Saa 11:00 jioni

Nilikaa na mkuu wa maabara kuhusu saa ya sesiamu. Tulikubaliana kupunguza uzito wake katika wastani wa saa zetu leo hii, kabla haijaanza kuyumbisha vipimo tunavyopeleka BIPM, Ofisi ya Kimataifa ya Uzito na Vipimo, kule Sèvres, Ufaransa, na kuagiza bomba jipya. Mkuu alitaka kujua kama inaweza kuvumilia hadi lifike. Nilimwonyesha mwelekeo wa volti, naye akatia sahihi bila kuuliza tena.

Saa 12:20 jioni

Nilifungua faili jipya la vipimo vya maseri A na B, nikaandika katika daftari muda, namba ya bati, na mahali kilipowekwa kipimajoto kipya juu ya amplifaya. Katika mzunguko wa kwanza kamili wa kiyoyozi tangu faili lifunguliwe, fezi ilipita dakika zake 20 bila kupinda. Kilima cha sekunde 450 hakiwezi kuhukumiwa kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo niliacha faili likijaza usiku kucha na kumwandikia mwenzangu wa zamu asiguse raki hadi nitakapofika.