Kipimo cha bangi kilisoma hasi: nilivyomhudumia kijana aliyevuta Spice

Aliletwa zahanati usiku kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na kaka yake, kutoka kijiwe kimoja cha Ngamiani, Tanga. Miaka 19. Macho mekundu, anatapika, anapigana na watu asiowaona. Mapigo ya moyo 142 kwa dakika, joto 39.1. "Daktari, ni bangi tu ya pakiti, kavuta mara tatu," kaka yake akasema.

Neno hilo bangi ndilo linalowapoteza watu. Kilichomo kwenye pakiti za Spice au K2 ni majani makavu ya kawaida, yamenyunyiziwa kemikali iliyoyeyushwa kwenye asetoni au spiriti. JWH-018, mojawapo ya zile za mwanzo kusambaa, imebeba herufi za jina la John W. Huffman, mkemia wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, aliyezitengeneza kwa ajili ya utafiti. THC, kemikali ya kulevya iliyomo kwenye bangi, hukiamsha kipokezi cha CB1 (sehemu ya seli inayoipokea) kwenye ubongo kwa sehemu tu. Hizi hukiamsha mpaka mwisho wake. Tena dawa haisambai sawasawa kwenye majani. Wawili huvuta pakiti moja, mmoja akabaki na stimu yake, mwenzake akaanguka.

Mama yake alifika na kikombe cha maziwa. Nilimwomba akiweke chini: mtu asiye na fahamu timamu akinyweshwa, maziwa huenda mapafuni. Nilimlaza kijana ubavu, kichwa kimeinama kidogo ili matapishi yatoke, nikapima sukari (5.4, ya kawaida) na malaria (hasi). Vipimo hivyo viwili sivirukii hata siku moja, maana sukari ikishuka au malaria ikipanda kichwani, mgonjwa hufanya vurugu hizihizi.

Dakika chache baadaye degedege likamshika. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumkandamiza mikono. Niliondoa vitu vya kumuumiza na kutazama saa. Nilimpa diazepam miligramu 10 kwenye mshipa, taratibu, huku mfuko wa kumpulizia hewa ukiwa mkononi, kwa sababu ikiingizwa haraka huweza kusimamisha pumzi. Degedege likakata, na vurugu nazo zikapungua. Haloperidol niliiacha makusudi: hurahisisha degedege kurudi na huweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo. Dawa ya kuzimua sumu hii haipo. Naloxone hufaa kwa heroini, na ningeitumia kama pumzi zingekuwa chache na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kwani huenda kachanganyiwa.

Joto lilinitia hofu kuliko kelele zake. Usiku wa Tanga wenye unyevu haumsaidii mtu aliyekwisha kuchemka ndani. Tulimvua shati, tukamfunika khanga iliyolowa maji, feni ikielekezwa kwake, tukiilowesha upya kila inapokauka. Panadol haina kazi hapa, kwa kuwa joto linatoka kwenye misuli inayokakamaa. Dripu ya salaini lita moja ilienda kwa saa ya kwanza.

Kipimo cha mkojo cha bangi kilisoma hasi. Mama alifarijika, na ilinibidi niiondoe faraja ile: kipimo kile hutafuta mabaki ya THC, na kemikali hizi hakizijui. Kilichosema kweli ni rangi ya mkojo wenyewe, mweusi kama chai ya mkandaa. Misuli ikivunjika, mabaki yake huziba figo. Isitoshe, mwaka 2012 Marekani ilirekodi wagonjwa 16 katika majimbo 6 ambao figo zao zilishindwa ghafla baada ya kuvuta vitu hivi. Sikusubiri asubuhi, nilimpa rufaa kwenda hospitali ya Bombo akapimwe kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu na moyo, nikaandika kwenye barua saa aliyovuta, dozi niliyompa na neno "Spice", ili asipokelewe kama mlevi.

Kabla hajaondoka nilitoa damu mililita 2 nikaiweka kwenye tyubu kavu ya kioo bila kuitikisa. Baada ya dakika 20 niliiinamisha, ilikuwa imeganda. Nililifanya hili kwa sababu mwaka 2018, huko Illinois, pakiti za namna hii zilikutwa na brodifacoum, sumu ya panya, na zaidi ya watu 150 wakatokwa damu. Lakini sumu ile huchukua siku kadhaa kujionyesha, hivyo damu kuganda usiku wa kwanza hakumsafishi mtu. Kijana alirudi siku ya 3, nikarudia kipimo kilekile, nikakagua fizi na kumuuliza rangi ya choo, kutafuta dalili za kutokwa damu.

Siku hiyo alikiri, tukiwa wawili tu, kwamba huvuta kila siku. Kwa hiyo nilimweleza mapema arosto yake, yaani hali itakayompata akiacha kuvuta: jasho, kukosa usingizi, kichefuchefu, hasira. Kaka yake nilimpa kazi mbili: asimwache alale peke yake wiki hiyo, na degedege likirudi amlaze ubavu kisha atafute bodaboda.