Siku moja maishani mwangu: mimi wa dakika kumi za mwisho

Saa tatu asubuhi niko kwenye matatu kutoka Githurai. Konda anapiga kelele, "Globe! Wa Globe ajitayarishe!" Nusu ya abiria hawajui kwamba Globe ilikuwa sinema. Odeon nayo ni vivyo hivyo. Nairobi sinema ikifa huachia steji jina lake.

Saa nne na nusu nashika ufagio kwenye sinema ninakofanya kazi. Chini ya viti nimewahi kuokota funguo, kiatu kimoja cha mtoto na meno ya bandia (mwenyewe alirudi kuyachukua, tena bila haya). Lakini kinachoniambia filamu ilikwendaje ni tishu. Filamu za vita haziachi kitu. Ile ya baba aliyerudi nyumbani akiwa amechelewa iliacha pakiti nzima safu ya nyuma, walikoketi vijana wa kujifanya wagumu.

Saa sita, chai na chapati pamoja na mzee wa projekta. Siku hizi filamu huja kwenye diski, na haifunguki bila ufunguo wa kidijitali wenye tarehe zake. Yeye bado anatunza kipande cha filamu ya zamani, milimita 35, mfukoni mwa koti. Ndicho alichonifundishia kwamba picha hazitembei: ni picha 24 zilizotulia kila sekunde, akili zetu ndizo huziunganisha. Kwa hiyo watu wazima hulipa wakaenda kulilia picha zilizosimama tuli.

Saa nane, onyesho la kwanza. Wimbo wa taifa unapigwa, kila mtu anasimama na bisi zake mkononi. Taa zikizimwa natoka nje. Huingia tena zikibaki dakika kumi, na tochi, kufungua milango. Ndiyo maana, baada ya miaka minane ya kuwakatia watu tiketi, najua nani alikufa katika kila filamu lakini sijui alikosa nini. Basi huangalia watu. Mwanga wa skrini ukimpiga mtu usoni, hana pa kujificha.

Mwaka 2018 tulikuwa na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ile ya Jo, msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinamsaidia kutengeneza filamu yake. Niliuona mwisho wake mara tisa, macho makavu, nikiwaza tu matatu ya kurudi. Siku yangu ya mapumziko nikalipa tiketi kama mtu yeyote, nikaketi safu ya tano. Wakati Jo bado anacheka, mwisho uko mbali kabisa, mimi tayari nalia. Mama aliyekuwa kando yangu akanipa leso, akaniuliza, "Msichana wangu, kwani kumetokea nini?" Ningemwambia nini, naye bado hajafika huko?

Saa kumi na moja, mvulana anataka kuingia filamu yenye alama ya 16. Anasema ana miaka 17. Namuuliza alizaliwa mwaka gani, anaanza kuhesabu kwa vidole. Nikamwambia arudi akishamaliza hesabu.

Saa tatu usiku, onyesho la mwisho ni filamu ya kutisha. Tiketi iliyouzwa ni moja: mwanamume wa bodaboda, kifua kama mlango, helmeti kwapani. Wimbo wa taifa tulisimama wawili. Nilipogeuka kutoka akaniita kwa sauti ya chini.

"Dada, hapo karibu na mlango hakuna kiti?"

"Kipo."

"Si ukae basi. Sitakusumbua."

Nikakaa, nikaona mwanzo. Kila mlango ulipolia kwenye skrini alikohoa, nami nikakohoa kumjibu. Zilipobaki dakika kumi, miguu yangu ikasimama yenyewe.

"Unaenda wapi?"

"Kufungua mlango."

"Usifungue mlango wowote, dada. Kaa chini."