Kimsingi

Neno lenyewe nililiandika mimi, kwa kalamu ya bluu, na wakati naliandika nililiona zuri.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yakagoma kunipeleka chuo, nikawa najitolea kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Mtaa upi, na manispaa ipi kati ya zile tatu zilizokuwapo wakati ule, niacheni nisitaje. Wengi wa waliohusika tunasalimiana mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za utambulisho, kufagia, na kushika kalamu kwenye mikutano. Malipo yalikuwa nauli na chai, mara nyingine chai peke yake.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya ofisi hiyo hiyo. Kwenye ramani za mipango miji sehemu kama ile huitwa eneo la wazi, jina linaloweza kukudanganya kwamba hapatumiki. Alfajiri wazee wa mazoezi walikizunguka na fulana zao za kampeni za zamani. Mchana kilikuwa cha mbuzi. Saa kumi jioni watoto wa chandimu walikigawa vipande vinne, mipira minne ya makaratasi ikipishana bila refa, mpaka wakubwa wa ndondo waje wawafukuze. Msiba ukitokea, turubai lilifungwa pale. Idd zikifika bembea zilisimamishwa pale. Mahubiri pale, mdundiko pale, na yule kijana aliyejifunza pikipiki akaangusha goli la mabomba, pale pale.

Jumapili ya mkutano, ubaoni palikuwa na agenda tatu: taka, ulinzi shirikishi, na mengineyo. Aliyewahi kukaa mkutano wa mtaa anajua kwamba mengineyo huja jua likiwa utosini, watu wameshachoka kugombana kuhusu taka. Daftari la mahudhurio, kaunta buku yenye jalada jekundu, nilianza kulizungusha mapema, kwenye agenda ya kwanza. Lilipomfikia bibi mmoja muuza kashata, alinirudishia.

"Mjukuu wangu, mimi na kalamu hatujuani."

Nikamwandikia jina lake, nikamfungulia pedi ya wino wa mhuri. Alikandamiza dole gumba kwa nguvu kama anapima unga uliokandwa, akalinyanyua taratibu, akaliangalia, kisha akalifuta kwenye pindo la kanga. Alama ilitoka safi, mistari yote inahesabika. Alikuwa mtu wa 31 kwenye orodha. Mwisho walifika 67.

Tulipofika mengineyo ndipo alipoinuliwa mgeni aliyekuwa amekaa kimya muda wote karibu na mwenyekiti: afisa kutoka halmashauri, na pembeni yake bwana mmoja aliyetambulishwa kama mwekezaji. Afisa aliongea vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema kiwanja hakina choo wala taa, mvua zikinyesha kinakuwa bwawa, na halmashauri haina fedha za kukitengeneza. Mwekezaji atajenga ukuta, ataweka taa na vyumba vya kubadilishia nguo, atalipa kodi kila mwaka. Kodi hiyo inaingia mapato ya ndani, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya vijana na akina mama. "Kwa hiyo fedha inarudi kwenu wenyewe," alisema, na akina mama wa vikoba wakapiga makofi.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma alisimama na fimbo yake.

"Mimi nimeliona Jiji likivunjwa mwaka 1996, ikaja Tume ya Keenja kuliendesha. Mwaka 2000 tukapewa manispaa. Wote hao wamekikuta kiwanja hapa. Huyu bwana anakichukua kwa miaka mingapi?"

"Hilo litakaa kwenye mkataba, mzee wangu."

Nadhani mkutano ulipaswa kusimama hapo. Lakini mtu mmoja, kocha wa timu ya ndondo, aliuliza saa moja itakuwa shilingi ngapi, na mwekezaji akataja 20,000. Basi! Utafikiri tuko Karume kwenye mitumba. Elfu tano. Haiwezekani, taa zinakula umeme. Elfu nane. Kumi na tano. Watu wakacheka, wakapandisha mori, wakashikana mikono. Ilipofika 12,000 kocha alishangiliwa kama aliyefunga dakika ya tisini. Bibi muuza kashata aliuliza kuhusu turubai la msiba, sauti yake ikazama kwenye vigelegele.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Mwenyekiti akasema, "Basi ndugu wananchi, nadhani kimsingi tumeelewana," na watu walikuwa wameshasimama wanajikung'uta vumbi. Hakuna aliyeombwa kunyoosha mkono.

Kesho yake niliandika nilichosikia: wananchi walihoji muda wa mkataba na hawakujibiwa; walihoji kuhusu misiba; walipatana bei 12,000. Mtendaji alisoma, akatabasamu, akaniagizia chai na chapati.

"Mwanangu, unaandika vizuri. Ila muhtasari hauandikwi kama mtu anayeshtaki kwa mjumbe. Andika: baada ya majadiliano marefu, wananchi kimsingi waliridhia. Na bei usiiweke, bei inabadilika. Sema mwekezaji alishauriwa kuzingatia hali za wananchi."

Niliyaandika. Tena kwa fahari, maana yalikuwa na sauti ya serikali, na mimi nilikuwa naitafuta ajira ya serikali. Nikapeleka steshenari, yakachapwa, nikabana nyuma yake nakala ya mahudhurio kwa pini mbili.

Wakati ule sikujua kwamba mtaa si kijiji. Kijiji kisheria ni chombo kamili, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hadhi hiyo. Kiwanja kilikuwa cha manispaa, wa kuamua ni Baraza la Madiwani, na karatasi yangu ilikuwa kiambatisho tu, cha kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Kiambatisho tu! Lakini ndiyo karatasi pekee humo iliyokuwa na sisi ndani yake.

Ukuta ulisimama kabla mwaka haujageuka. Taa nazo ziliwekwa, zilikuwa nzuri kweli. Bei ikabandikwa dirishani: 25,000 kwa saa. Watoto bure, siku za kazi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, yaani wakiwa shule. Mdogo wangu alianza kucheza barabarani, na siku moja akarudi goti limechunika, bodaboda imempitia. Hatukugombana na bodaboda.

Tukaenda halmashauri watu sita: kocha, mzee wa fimbo, akina mama wawili, bibi muuza kashata na mimi, niliyechukuliwa kwa sababu najua kuongea na maofisa. Kocha alikuwa ameuliziauliza, akaanza kwa hoja nzito: ada ya halmashauri haipandi hivi hivi, lazima iwe kwenye sheria ndogo, wananchi watangaziwe watoe pingamizi, madiwani wapitishe, Waziri aridhie, itoke kwenye Gazeti la Serikali. Lini ilitangazwa?

"Uko sahihi kabisa," afisa alimjibu. Alikuwa mwingine, si yule wa mkutano. "Lakini ile si ada ya halmashauri. Ni bei ya mpangaji. Sisi tunapokea kodi ya pango tu."

Kocha akasema tulipatana elfu kumi na mbili. Afisa akavuta faili, akalamba kidole, akafunua. Niliitambua karatasi kabla hajaanza kusoma. "Mwekezaji alishauriwa kuzingatia hali za wananchi." Akafunua tena. "Wananchi kimsingi waliridhia." Halafu akafika kwenye mahudhurio, akageuza faili upande wa bibi, labda kwa kuwa alikuwa amekaa karibu zaidi. Ile alama ilikuwa bado safi, nambari 31.

"Hili si dole lako, mama?"

Bibi aliliangalia, akaliangalia dole lenyewe.

"Ni langu. Nilitia kwa kuwa nilikuwepo."

"Ndiyo, mama. Ulikuwepo."

Wenzangu walikuwa wanasubiri niseme kitu. Nilikuwa na la kusema, moja, na lilikuwa jepesi: hayo maneno ni yangu, si yao. Nikaomba maji ya kunywa.

Kurudi tulipanda daladala moja iliyojaa mpaka mlangoni. Bibi alipata siti, akasogea kidogo, akanivuta nikakaa nusu kwake nusu hewani. Konda alipofika na kugonganisha sarafu zake, nilianza kupapasa mfuko, lakini yeye alikuwa ameshafungua fundo la kanga.

"Wangapi hapo, bibi?"

"Wawili," alisema, akanionyesha mimi kwa dole gumba.