Rekodi za Shortia galacifolia: tumefika kwenye nukta za ramani zilizo ziwani

Rekodi zote zimeshushwa kutoka SERNEC, hifadhidata ya pamoja ya hebaria (hifadhi za mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi zenye lebo) za kusini-mashariki mwa Marekani, na zile za GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai, zimeongezwa. Ua hili la porini lina makazi madogo mno: kaunti chache za milimani pale Carolina Kusini, Carolina Kaskazini na Georgia zinapokutana, pamoja na kundi la mbali kaunti ya McDowell, ambalo tunaliweka kando kama aina tofauti, kwa jina la brevistyla. Rekodi ya nje ya hapo haiaminiki mpaka lebo isomwe, maana mmea huu hupandwa sana bustanini.

Rekodi zilizojirudia tumemaliza kuziondoa. Mkusanyaji akichuma mimea kadhaa mahali pamoja, karatasi hugawiwa hebaria mbalimbali, na kila moja huhesabika kama rekodi mpya. Linganisha jina la ukoo la mkusanyaji, namba aliyoupa mmea na tarehe. Jina kamili halisaidii, kwani hapa limeandikwa kwa herufi za mwanzo, kule kwa urefu.

Tarehe ziwe na safu tatu: mwaka, mwezi, siku. Excel haitambui tarehe za kabla ya 1900, na ua hili lilipatikana tena porini mwaka 1877, kwa hiyo rekodi za thamani kubwa ndizo zinazovurugika. Karatasi ya Michaux, mtaalamu wa mimea Mfaransa wa karne ya 18, ile ambayo mwenzake Mmarekani Asa Gray aliikuta Paris mwaka 1839, inataja milima mirefu ya Carolina tu. Hiyo haipewi nukta kwenye ramani.

Kazi nzito ni nukta zinazoangukia majini. Programu ya ukaguzi huzitia alama ya kosa, na wengi huzifuta papo hapo. Kwa Shortia, kuzifuta ni kupoteza kiini cha historia yake. Bwawa la Jocassee, Carolina Kusini, lilikamilika 1973, na ziwa likafunika mabonde ambako ua hili lilikuwa limetanda. Likijaa, maji hufika futi 1,110, karibu mita 338 juu ya usawa wa bahari. Lebo ya zamani ya bonde hilo yenye mwinuko wa chini ya hapo tunaihifadhi na kuiandikia "makazi yamezama". Ya kushuku ni ile iliyochumwa baada ya 1973: mara nyingi mtu alitafuta jina Jocassee kwenye ramani akapewa nukta ya katikati ya ziwa.

Hapa futi zinaponza. Lebo ikisema futi 1,000, hiyo ni mita 305, chini ya maji. Mwingizaji akiiweka 1,000 kwenye safu ya mita, mmea uliozama unaonekana uko juu mlimani, hai. Kila namba kamili kama hiyo tunairudisha kwenye picha ya lebo.

Nukta zenyewe tunaziweka upya juu ya ramani za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, za kabla ya bwawa, mito ikiwa bado kwenye mikondo yake. Lebo yenye jina la kaunti tu hupewa duara la mashaka, yaani eneo ambamo mmea ungeweza kuwa, linaloifunika kaunti nzima. Ramani ya kutoa hadharani itaonyesha kaunti tu, kwa sababu wachimbaji wa mimea ya kuuza nao husoma ramani.